Barua za Marehemu kwenye Chumba cha Maabara

Pale hospitalini kila mtu alimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi cheo. Kwa miaka ishirini na sita alitunza kompyuta kuu ya hospitali, ambayo ndani yake kulikuwa na vyumba vinne vya programu, vilivyotenganishwa: dawa, wodi, mapokezi na maabara. Kimoja kikiungua, vingine havisikii hata harufu ya moshi.

Jumapili mafundi walibadilisha mfumo endeshi, ile programu inayoendesha kompyuta nzima. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu wenye daftari. Unaingia chumba baada ya chumba, unakagua kwa mkono wako. Siku hizi mtu hutazama taa za kijani kwenye kioo, akaenda zake kunywa chai. Jumatatu taa zote nne zilikuwa za kijani, na maabara ilikuwa bubu, haitoi jibu hata moja la vipimo.

"Shangazi, saa sita nakifuta hicho chumba cha maabara," meneja alisema. "Tumeshanunua programu mpya."

"Na kumbukumbu za wagonjwa wa miaka yote hiyo? Programu yako inaweza kuzisoma?"

"Haiwezi. Lakini maiti haikai nyumbani."

"Wewe umempima mapigo ya moyo, au umemwona tu amelala?"

Meneja alicheka, akatazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Programu ya maabara iliandikwa na fundi mmoja, sasa marehemu, mpole kupita kiasi, aliyemfundisha Shangazi kazi. Ujumbe wa hitilafu hakuupanga uwe namba kama wengine. Aliutunga kama barua, ambazo programu huziandika yenyewe kila inapokwama au kupona, katika faili ambalo siku hizi hakuna anayelifungua. Shangazi aliingia chumbani kwa kibodi yake, akalifungua. Mistari ya mwisho ilikuwa mingi, yote imeandikwa alfajiri ile:

"Samahani, mwenzangu. Namsemesha mwenye nyumba, haelewi lugha yangu. Nitajaribu tena."

Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Mtu miaka tisa yuko kaburini, na bado anaomba radhi kwa kosa la wengine.

Lakini barua ilikuwa imeshasema kila kitu. Chumba kilikuwa kizima. Mfumo mpya, huyo mwenye nyumba, ndio uliokuja ukiwa umefungiwa uwezo wa kuzielewa programu za zamani, na hakuna aliyeuliza. Shangazi aliufungulia uwezo huo, mstari mmoja tu wa maandishi, akakizima chumba na kukiwasha upya. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Faili likaongeza mstari: "Ahsante. Tumeelewana."

Simu ya maabara ikalia: majibu yameanza kutoka.

Meneja alikuja, akainama nyuma ya kiti cha Shangazi, akasoma zile barua, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

"Sikifuti," alisema mwishowe. "Lakini unastaafu mwakani, Shangazi. Nani atakitunza?"

"Mwaka unatosha kumfundisha mtu, hata awe meneja," alijibu, akamsogezea kibodi.