Roue libre ya kushuka Jette

Mi sitaficha. Ile funguo ya gari, haikuwa polisi njo ilimunyanganya bwana yangu, haikuwa docteur. Ilikuwa mudomo yangu.

Mi sikusoma hata darasa ya kwanza. Nasema tu, kuandika ni ya bale balisoma. Lakini sauti ya batu, ile Mungu alinipa. Mutu akipita mara moja tu, namubeba. Infirmière mwenye anakuya kila asubui kumuosha bwana yangu, na pua yake kama imefungwa: "Alors, monsieur, on a bien dormi? On a fait un petit pipi?" Anauliza kama "sisi" tulilala vizuri, kama "sisi" tulikojoa. On, on, kama vile balilala bote bawili. Hata gari naifanya. Ukifungua mulango na funguo bado iko ndani, inasema ting, ting, ting, kama muke-mwenza anapiga kijiko kwenye kikombe ili bwana amusikie.

Bwana yangu alikuwa chauffeur. Siyo ya taxi. Ya camion ya kubeba mizigo, ya mission ya bapadri, kutoka Bukavu kushuka mpaka Uvira, kwa ile barabara ya Ngomo kwenye gari mbili zikikutana, moja inaomba ruhusa kwa Mungu. Miaka na miaka. Bamama ya soko balikuwa banajua klaxon yake ikilia mbali. Mi mwenyewe niliolewa na klaxon, quoi.

Alafu tulikuya huku kwa bazungu, kwa mutoto yetu musichana, mwenye anatumika ku hôpital kule Jette. Na huku njo mugulu yake ya kushoto ilikufa. Asubui moja aliamuka, yeye akasimama, mugulu ikabakia kwenye kitanda. Docteur akamuangalia, akasema: "L'embrayage, monsieur, c'est fini. Automatique, peut-être." Embrayage ni ile pedali ya mugulu ya kushoto, ya kubadilishia gia; fini ni imekwisha, na aliisema kama mutu anafunga frigo.

Bakamupima kama anaweza kuendesha, bakamupa karatasi yenye kusema otomatiki tu. Mutoto akatafuta gari, ya zamani kidogo, rangi ya majivu, ile ya bado kuwashwa na funguo. Bwana yangu akaizunguka na fimbo yake. Akachungulia chini.

"Pedali ya embrayage iko wapi?"

"Haina, papa."

"Sasa hii ni gari ao ni mashini ya kushona?"

Siku moja ya dimanche, kisha misa, mutoto akatupeleka kwenye parking kubwa, hakuna mutu. Mi niko kiti ya nyuma. Mutoto yangu akifundisha, anachukua sauti ya kuongea na bagonjwa: pole-pole na nguvu, kama sisi wote ni baziwi.

"Papa. Kwanza mugulu kwenye frein, pedali ya kusimamisha. Njo unawasha. Kama haiko kwenye P ao kwenye N, haiwake. P ni kusimama. R ni kurudi nyuma. N ni hewa, hakuna kitu. D ni kwenda. Ukifika: frein, unatia P, unavuta frein à main, ile ya mukono, njo unazimisha, njo unatosha funguo. Umesikia?"

"Nilikuwa naendesha camion mbele mama yako akuzae."

"Camion haikuwa na P, papa."

Kule nyuma mi nilishika yote. Herufi sijui, lakini zile ine nilizishika na sura. P ni mutu wa mugulu moja, haendi fasi yoyote. R ni yule yule, bakamupa mugulu ya pili, anarudi nyuma. N ni kupanda na kushuka. D ni tumbo, inatangulia mbele. Nilimuambia bwana yangu vile, akacheka, akasema wewe ungesoma ungekuwa ministre.

Kisha mutoto akabeba funguo mbele ya macho ya baba yake. "Papa, écoute. Siku utafanya mambo ya Ngomo na hii gari, nachukua funguo. Sitapiga kelele. Nachukua tu."

Ile funguo, alikuwa analala nayo chini ya muto. Infirmière anamuosha, funguo iko mukononi. "Monsieur, lâchez ça, voyons." Aiachilie? Hapana. Nyumbani alikuwa monsieur, banamufunga vifungo ya shati. Akiingia kwenye gari, sauti inashuka mpaka tumboni: "Bibi, funga mukaba." Na mi nafunga. Alikuwa ananipeleka kwa messe, ananipeleka kutafuta sombe, majani ya muhogo, na akisimama kwa feu rouge, taa nyekundu, alikuwa anaangalia wale ya pembeni kama vile iko na tani kumi ya muhogo nyuma yake.

Sasa nieleze ile mambo ya Ngomo. Kwetu, chauffeur akifika juu ya muteremuko, anatosha vitesse, ile gia, anazimisha moteur na funguo, camion inashuka yenyewe, kimya, mafuta inabakia. Banaita roue libre. Bwana yangu alikuwa mukubwa wa roue libre. Na padri, muzungu mwenye alikuwa mukubwa yake wa kazi, alikuwa anamusifu kwa ile Swahili yake ya kitabu, kila neno imepigwa pasi: "Vizuri sana, dereva wangu! Petroli ni mali ya maskini." Noeli moja akamupa saa ya mukono juu ya ile tu, juu ya mafuta yenye ilibakia. Ile saa mpaka leo anaivaa.

Kutoka Basilique ya Koekelberg kushuka Jette kuko muteremuko. Haiko Ngomo. Ngomo ingeicheka. Lakini siku moja tuko tunashuka, nikasikia kimya.

"Umeizimisha?"

"Sikia, mama. Sikia vile inateremuka."

Nilipashwa kumukataza pale pale. Nilimuangalia. Mudomo yenye ilipinda tangu mugulu ikufe, ilikuwa imenyooka. Nikacheka. Nikasema, chauffeur, usiue bibi yako. Na toka siku ile ikakuwa mambo yetu sisi bawili. Kidogo tu, mètre chache, anatia N, anageuza funguo, kimya, chini anaamusha tena. Tulikuwa kama batoto benye kuiba sukari.

Ile siku ilikuwa jeudi, siku ya kazi, mvua kidogo. Aliacha gari ishuke zaidi. Kule chini, mama moja muzungu mwenye kukokota caddie yake ya soko, kikapu ya matairi, aliingia kwenye mistari myeupe ya kuvukia. Bwana yangu akakanyaga frein. Mara ya kwanza ikakubali kidogo. Mara ya pili ikakuwa ngumu. Mara ya tatu ilikuwa jiwe, juu moteur ikilala, frein nayo inalala, na volant mukononi inakuwa nzito kama ya camion yenye imejaa. Mutoto alikuwa hajatuambia ile. Hatukumuuliza. Ungeuliza vipi?

Na njo pale alifanya kosa ya mutu wa kwetu. Kwetu, moteur ikilala kwa muteremuko, unatia vitesse, unaachilia embrayage, matairi inaamusha moteur. Akatia D. Akangoja matairi iamushe. Hakuna. Akageuza funguo. Hakuna, juu kwenye D haiwake, mutoto alisema. Akageuza tena, akaanza kuipigia magoti na sauti: "Amuka! Amuka, muzee, amuka!" Njo vile alikuwa anaita camion yake zamani, muzee.

Mi nilikamata frein à main na mikono mbili, nikavuta kama mutu anangoa muhogo. Gari ikalia, ikapinda, ikapanda kwenye trottoir, fasi ya batu ya miguu, ikaenda kugonga ile sanduku kubwa ya kutupia chupa. Chupa zote ya divai ya quartier zikaimba. Yule mama wa caddie alikuwa amesimama, mukono kwenye kifua, labda mètre mbili. Akakuya kwa dirisha yangu. "Ça va, madame?" Yeye njo alituuliza sisi kama tuko salama. Ile sauti niko nayo hapa, kwenye shingo. Sijaifanyia mutu hata mara moja.

Bwana yangu akafanya sasa yote, moja nyuma ya ingine: frein, P, frein à main, akazimisha, akatosha funguo. Vizuri kabisa. Kama mwanafunzi wa kwanza.

"Mama," akasema. "Utasema frein ilikataa."

"Ndiyo."

"Sema."

"Frein ilikataa."

Mutoto akapeleka gari kwa garage. Mécanicien alikuwa na sigara kwenye sikio na sauti ya kuchoka na batu: "Vos freins, madame, ils sont nickel. Nickel." Yaani frein haina kosa hata moja. Jioni mutoto akanifuata ku cuisine, niko napika.

"Maman, frein ilikataa?"

"Ilikataa."

"Maman."

"Mi nilikuwa ndani. We ulikuwa wapi?"

Akaacha. Bakanyoosha ule chuma wa mbele, bwana yangu akarudi kwenye volant, na roue libre ikaisha. Nasema ukweli: iliisha yenyewe. Kila muteremuko alikuwa anashuka na moteur inaunguruma, mugulu ya kuume yulu ya frein, jasho kwenye paji. Alikuwa amejifunza. Ile njo inaniuma zaidi.

Dimanche moja padri alikuya kula. Ni yule yule, sasa amezeeka, anakaa na bapadri benzake kule Woluwe, banamupikia supu haina chumvi. Kila mara akikuya, anakula sombe kama mufungwa, alafu anapangusa mudomo na anasema: "Mama, tafadhali, tuigizie kidogo."

Mi nikisikia vile, ni kama mutu amepiga ngoma. Nikafanya infirmière. Nikafanya docteur na frigo yake. Nikafanya mécanicien, nickel, nickel, na kipande ya karoti kwenye sikio. Bwana yangu alikuwa anacheka mpaka machozi. Mutoto pia, na mutoto hachekake bure.

"Na dereva wangu je?" padri akauliza. "Dereva wangu anaendeshaje siku hizi?"

Niliona barabara mbele yangu, nasema vile iko. Niliona, na nikaenda. Nikakamata sahani kama volant. Nikapindisha mudomo. Nikashusha sauti tumboni: "Bibi, funga mukaba." Bakacheka. Nikapeleka mukono mbele, nikageuza funguo, nikafunga macho: "Sikia, mama. Sikia vile inateremuka." Bakacheka. Alafu nikafungua macho kubwa, nikaanza kugeuza, kugeuza, kugeuza: "Amuka! Amuka, muzee, amuka!" Padri alikohoa mpaka tulimupa maji. Na bwana yangu mwenyewe alikuwa amecheka ya kwanza, juu ilikuwa yeye kabisa, alijiona.

Mutoto akaweka kijiko.

"Maman. Ule mukono. Fanya tena ule mukono."

"Mukono gani?"

"Umegeuza funguo ya nini? Kwa muteremuko?"

Hakuna mutu alicheka tena. Mi niko na sahani mukononi, mujinga. Padri akapangusa mudomo, akakunja serviette, akasema na ile Swahili ya pasi: "Lakini hilo ni jambo la hatari sana. Ukizima injini, breki na usukani havifanyi kazi ipasavyo. Nani alimfundisha mambo hayo?"

Bwana yangu akavuta mukono ya shati pole-pole, akafunika saa. Ningemujibu padri, na sauti yake yeye mwenyewe, neno kwa neno, petroli ni mali ya maskini. Ile sauti niko nayo. Ile siku haikutoka. Ile ya kuumiza bwana yangu ilitoka yenyewe, ile ya kumusaidia ikakwama.

Mutoto hakuomba kitu. Hakupiga kelele, vile alisema. Bwana yangu akaingiza mukono kwenye mufuko, akaweka funguo pembeni ya sufuria ya sombe. Ikabakia pale mpaka tulitosha masahani.

Sasa mutoto njo anatupeleka. Bwana yangu anakaa nyuma, kwenye fasi yangu ya zamani, na fimbo katikati ya magoti. Mi mbele. Tukifika, mutoto anafanya na sauti, kama bado anafundisha: "Frein. P. Frein à main. Funguo." Mi naangalia ile P inawaka, ule mutu wa mugulu moja, na sigeuke nyuma.

Kusema, bwana yangu anasema kidogo. Lakini amejifunza kitu ingine, na miaka yake yote. Juzi nikamuuliza, mugulu inauma? Usingizi ilikuya? Uko na njaa? Akaniangalia, akapandisha mabega vile mi napandisha, akabana pua kidogo, na akajibu na sauti yangu:

"Frein ilikataa."

Alipata yote. Ile kuvuta ya mwisho, ile pumuzi ndogo mbele ya uongo. Infirmière alikuwa anafunga shati yake, akacheka, akasema c'est vous tout craché, madame, ni wewe kabisa. Kila siku sasa, kila kitu nikiuliza, njo ile ananijibu. Mi nimefanya sauti ya kila mutu, na sikujua kama yangu iko vile.