Bubu wa Ukumbini

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtu wa maneno. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kusherehesha harusi, kusimama mbele ya watu wazima waliovaa suti na kuwaamrisha wacheze. Mtaani walimwita Kipaza, na jina lilimkaa, kwani hata akiomba chumvi mezani, jirani alijua leo tunakula nini. Mimi niliyeishi nao nyumba moja nashuhudia.

Korona ilipoingia, harusi zikapigwa marufuku, na Kipaza akabaki hana la kusema wala pa kusemea. Mwanzoni alijipa moyo, kila asubuhi anapiga pasi suti zake. Kisha akaiuza ya kijivu, kisha spika, kisha pasi yenyewe. Dada alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yamemkauka. Tulikuwa tunamnywesha mtoto uji mwepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Watu wa mtaa walikuwa wamechanga, wanagawa chakula kila Jumamosi kwenye ukumbi. Dada akamwambia aende.

"Ukumbi ule?" akasema. "Nusu ya mtaa huu nimewasherehesha mle ndani. Leo nikasimame pale na mfuko mkononi?"

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Akaenda. Barakoa aliivuta hadi chini ya macho, kofia akaishusha hadi kwenye nyusi. Uso aliuficha vizuri; tatizo ni sauti. Mlangoni alisimama nesi mstaafu, mama aliyesimamia ugawaji. Alipomuuliza jina, Kipaza akaona akifungua mdomo tu amekwisha. Akagusa koo, akatikisa kichwa.

"Pole, baba. Husemi? Pita huku, usisimame juani."

Akampitisha mlango wa pembeni, wa wazee na wenye ulemavu. Mifuko ya huko ilikuwa mizito zaidi, na ndani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga.

Nyumbani tulilishangilia lile kopo. Aliponisimulia alivyolipata, nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. "Nimeiba ulemavu wa watu, shemeji," akasema, nami nikaona haya kwa kicheko changu. Lakini wiki ikaisha, kopo likaisha, mtoto akaanza kulia, na Kipaza akawa bubu tena. Mara ya kwanza ungeweza kusema alibabaika. Mara ya pili alikusudia, na mwenyewe alijua.

Alipokwenda tena baada ya hapo, akakuta nesi amemtafutia mwenzake. Alikuwa mwanamke msusi, kiziwi tangu utotoni, saluni yake imefungwa na yeye amejitolea kuzungumza kwa ishara na viziwi waliofika pale. Nesi aliwakutanisha kwa furaha kama ndugu waliopoteana. Msusi akaanza kuongea kwa mikono, haraka haraka, macho yakicheka.

Shemeji yangu hakujua ishara hata moja. Mikono yake ilijua kazi moja tu, basi akaifanya: akawainua wageni wasiokuwepo, akawapigisha makofi, akawasogeza pembeni ili bibi harusi apite.

Msusi alitulia, akamtazama mtu mzima akisherehesha hewa. Kicheko kikafutika machoni mwake. Nesi akainua mabega na viganja, kuuliza: anasemaje?

Msusi angeweza kumwumbua pale pale. Badala yake aliinua kidole gumba, kwamba mambo ni sawa. Kisha akamgeukia Kipaza, na taratibu, kama unavyomfundisha mtoto, akaweka ncha za vidole kidevuni na kuzipeleka mbele. Asante. Akamwashiria naye ajaribu. Alikuwa anamfundisha ili siku nyingine asiumbuke.

"Afadhali angenizaba kofi," Kipaza aliniambia baadaye. Ile ishara hakuifanya. Alifungua mdomo.

"Dada, nisamehe. Mimi nasikia. Na kusema nasema."

Ukumbi haukuwa na viti wala mapambo. Sauti ile ilizunguka kuta zote nne. Aliyekuwa akipima mchele akaacha kupima. Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Huyo si Kipaza? Ndiye aliyesherehesha harusi ya binti yangu." Vichwa vyote vikageuka, isipokuwa cha yule aliyeombwa msamaha. Hakusikia neno, na midomo ilikuwa nyuma ya barakoa.

Ikabidi Kipaza aishushe. Akarudi nyuma asije akamwambukiza, akauacha uso wake wazi mbele ya mtaa mzima, akarudia yale yale polepole ili msusi ayasome. Msusi akayasoma. Hakutabasamu. Aliunyooshea kidole ule mfuko mzito, kisha mlango wa mbele, ambako foleni ya watu wengine ilikuwa imefika barabarani.

Kipaza akauweka mfuko chini, akaenda kusimama mwisho. Hakuna aliyemcheka. Waliomjua walimsalimu tu, mmoja mmoja, na hilo lilimuuma zaidi. Muda wote aliosimama pale aliwaza atamwambia nini dada kuhusu maziwa.

Zamu yake ilipofika, nesi alimpimia mchele na maharage bila kumtazama. Halafu akamuuliza swali alilokuwa akimuuliza kila mtu wa foleni ile tangu ugawaji uanze.

"Nyumbani kuna mtoto mchanga?"

"Yupo," akajibu kwa sauti ndogo.

Nesi akainama chini ya meza, akatoa makopo mawili ya maziwa. "Mtoto mchanga anapewa mawili kila wiki, awe wa nani. Ungesema tu, baba."

Alirudi nayo, akayaweka mezani mbele ya dada. Dada akamuuliza kulikoni, akamuuliza tena. Shemeji yangu alikaa kimya, na safari hiyo hakuwa anaigiza.