Eti sisi ni familia!

Leo nimemunyamazisha direktrisi, mukubwa wa shule, mbele ya wazazi wote, na sijutii!

Shule ya mutoto wangu, shule ya binafsi, ilituita mukutano. Direktrisi akaanza: "Sisi ni familia moja. Mutu hahamishi mutoto kutoka kwa familia yake."

Watu wakapiga makofi. Mi nikasimama.

"Madamu, mwezi uliopita nilimuzika bwana yangu. Kilio kilikuwa hapa hapa Nyakabiga, nyuma ya shule. Nani kati yenu alikuja kukaa na mi?"



Direktrisi akajibu: "Pole mama, hatukujua."

Apana! Alijua, na nikawaambia wazazi wote. Siku ile ya maziko alinipigia simu, anauliza kwa nini mutoto hayuko darasani. Nikamuambia baba yake amefariki.

Munajua alinijibu nini, jamani?

"Sawa. Kesho atakuja?"