Samli ya Kuzuia Kutu

Baba yangu hamwamini mtu asiyefuga ng'ombe. Mletee mwalimu, daktari au mchungaji wa kanisa, atamsikiliza kwa adabu zote, ataitikia kwa kichwa, kisha atafanya lile alilokuwa amekusudia tangu mwanzo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika guu, na hasikii la mtu.

Aligongwa na pikipiki akivusha ng'ombe barabarani. Mfupa wa muundi ulitoboa ngozi ukagusa udongo. Hospitalini, daktari wa mifupa alinieleza kwamba hapo ndipo penye hatari: vijidudu vikishang'ang'ania chuma kilichomo mwilini, vidonge haviving'oi. Kwa hiyo angemwekea baba chuma cha aina yake, kilichopakwa dawa ya kuua vijidudu, dawa ambayo ingetoka kidogo kidogo humo humo ndani ya mfupa.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamfasiria baba kwa Kinyambo: chuma kimepakwa dawa, kidonda kisiguswe wala kisitiwe kitu kingine. Baba hakuuliza kuhusu maumivu. Aliuliza swali moja tu, nami nikalifikisha kwa daktari.

"Nitachunga tena?"

"Ukikitunza kidonda, mzee, utachunga," daktari akajibu.

Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi niliyemzoea ningepaswa kuingiwa na wasiwasi pale pale.

Mimi naishi Kihanga, nashona nguo. Wazazi wako Nyakatuntu. Nilikuwa nikienda kuwaona kila nilipopata nafasi, na mwanzoni mguu ulikuwa ukiendelea vizuri. Kisha siku moja nikaingia chumbani kwa baba nikapokewa na harufu ya samli. Bandeji ilikuwa imefunguliwa. Mguu ulikuwa mwekundu, umevimba, na kwenye mshono palikuwa na kitundu kinachotoa usaha.

"Shikamoo, Baba. Nani amefungua hiki kidonda?"

"Marahaba. Nimefungua mimi."

"Kwa nini?"

"Si ulinieleza mwenyewe kwamba chuma kimepakwa? Kitu cha kupakwa, mwanangu, hupakwa tena." Akanyoosha kidole ukutani. "Ule mkuki ulikuwa wa babu yako. Una kutu?"

Haukuwa na kutu. Tangu nikiwa mtoto namwona akiupangusa kwa kitambaa chenye samli, na mvua zote za Kyerwa hazijaufanya lolote.

"Basi mwili umejaa maji," akaendelea kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kukamua. "Chuma kikae majini bila mafuta, kitadumu?"

Alikuwa amemwambia mama ayeyushe samli ya ng'ombe wake kipenzi, akawa anaidondoshea kwenye mshono ikiwa vuguvugu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nilimgombeza baba, nikamgombeza mama, nikakigombeza hata chungu cha samli. Mama alitazama chini. Baba alinisubiri nimalize, kisha akauliza kama nimekula.

Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba hakuwa amefikiri kijinga. Tulipomrudisha hospitalini, daktari alisema kwamba kweli ile dawa ya kwenye chuma huisha; kazi yake ni kulinda wiki za mwanzo, mpaka kidonda kifunge. Lakini kidonda kikichokolewa kila mara, vijidudu vinafunguliwa mlango, na mlinzi ameshachoka. Sikumfasiria baba maneno hayo. Angesikia nusu ya kwanza tu, ile inayompa ushindi.

Chuma kikatolewa. Mguu ukashikiliwa kwa vyuma vya nje kwa miezi mingi. Haukukatwa, namshukuru Mungu, lakini umekakamaa na kufupika. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Ng'ombe wanachungwa na kaka yangu.

Chuma chenyewe baba alikiomba, wakakisafisha wakampa. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta ameketi mlangoni, anakigeuzageuza juani.

"Unaona?" akaniambia. "Hakuna hata doa moja la kutu."

Maneno yote niliyoyameza tangu hospitalini yalinijaa mdomoni. Wakati huo kaka yangu alikuwa anawatoa ng'ombe, wakapita mbele yetu kuelekea malishoni. Baba akamwita kipenzi chake kwa jina, kwa ile sauti anayoitumia kwa huyo peke yake. Ng'ombe akasimama, akageuka kumtazama, akangoja baba ainuke wafuatane kama zamani. Baba akaishika fimbo, akajaribu, akakaa tena. Ng'ombe akangoja kidogo zaidi, kisha akawafuata wenzake.

Hasira yangu ninayo mpaka leo. Sijui tu niipeleke wapi.