Siku Kompyuta za Mtoni Zilipokataa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kipawa, Mkuu wa Majaribio alinikalisha mbele ya kompyuta akaniambia, "Bi Mwanahawa, hapa hatutengenezi programu. Tunaitesa mpaka iseme ukweli."

Nyie mnaoingia sasa mtashangaa, lakini kazi yenyewe haijabadilika sana. Programu ya watu wengi huwezi kuipima kwa kompyuta moja. Kompyuta kuu inatoa amri, na nyingine kadhaa, tulizoziita wasaidizi, zinajifanya maelfu ya wateja wanaobonyeza kwa pamoja. Amri inapita kwenye mtandao na kumwingia kila msaidizi kwa mlango wake, ndiyo porti. Hapo ndipo palipokuwa na kilio.

"Ukiona kimya," Mkuu alinifundisha, "huenda amri imezuiwa njiani. Ukiona 'imekataliwa', shukuru. Nyumba umeifikia, ila mlangoni hakuna anayesikiliza."

Nilipozoea, nikamwombea kazi mdogo wangu, Zuhura. Nilimfundisha mwenyewe, bega kwa bega. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na Kiingereza kinamtiririka. Haukupita muda, Mkuu akiingia na tatizo anauliza, "Zuhura yuko wapi?" nami nimekaa palepale mbele yake.

Kampuni ikafungua chumba cha pili Mtoni, cha wasaidizi wa kupokea amri za Kipawa, mie nikapelekwa kukisimamia. Ikasemekana atateuliwa mtu mmoja wa kuongoza vyumba vyote viwili. Niliitaka nafasi ile. Niliitaka mpaka naiota.

Asubuhi moja wageni kutoka kampuni ya kusambaza dawa walifika Kipawa kuangalia programu yao ikijaribiwa. Simu yangu ikaita.

"Dada, wasaidizi wako wote wamekataa!" Alikuwa Zuhura, anahema.

"Huku huduma ya kupokea amri inafanya kazi. Milango iko wazi."

"Sasa mbona tunakataliwa?"

"Nisomee ujumbe. Imekataliwa na nani?"

Akaanza kusoma anwani, akasita. "Dada, mbona hii ni ile ambayo kompyuta hujiita yenyewe?"

Nikaelewa. Kila msaidizi akiulizwa anapatikana wapi, alikuwa anajibu, "Nipo hapa hapa." Kompyuta kuu ikisikia hivyo inajigongea yenyewe kule kule Kipawa, na kwake huduma hiyo haipo. Fundi aliyezifunga mashine za Mtoni alikuwa ameandika jina la kila moja mbele ya anwani hiyo ya ndani. Nikaweka anwani zao halisi za mtandao, nikawasha huduma upya, mashine moja baada ya nyingine.

"Haya, jaribu."

Kwenye simu nikasikia makofi. Mgeni mmoja akasema, "Huyu binti ni hatari!"

Zuhura akajibu kwa sauti kubwa, nilimsikia kwa masikio yangu: "Jamani, ni dada yangu wa Mtoni aliyetengeneza!"

Mkuu akacheka. "Mnaona? Halafu hana majivuno."

Muda si mrefu akateuliwa Zuhura. Angeninyang'anya sifa ile ningemchukia, nikapumzika. Lakini alinitaja, na bado wakampigia makofi yeye. Nilifanya kazi chini yake mpaka nikastaafu. Heshima alinipa yote: kila akija Mtoni, shikamoo mbele ya watu, kisha ananipangia kazi.

Siku hizi nipo nyumbani Mtoni. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Kazi naikumbuka, lakini kinachoniuma ni kwamba simu yangu haiiti. Ya Zuhura inaita hata akija kunitembelea.

Jumapili iliyopita alikuwa jikoni kwangu anakuna nazi, mikono imejaa chenga za nazi, simu yake ikaita. Akaniomba nibonyeze spika. Alikuwa kijana wa ofisini: wasaidizi wawili wanakataa, amewasha upya kila kitu. Zuhura hajafungua mdomo, mie nimeshajibu.

"Angalia porti. Huenda kuna programu nyingine imeikalia, huduma yako ikahamia mlango mwingine."

Tukasikia vidole vyake vikigonga kibodi. Kisha akapiga kelele ya furaha. "Imekubali! Asante sana, bosi Zuhura. Hakuna kama wewe!"

Sauti zetu zinafanana tangu utotoni. Zuhura akaacha mbuzi ya nazi, akainuka amsahihishe. Nikakata simu.

"Dada, mbona umekata?"

"Si ameshapata jibu?" nikamwambia, nikamgeuzia mgongo kuchochea moto.