Ufa wa Upande wa Ziwa

Nyumba tuliyokuwa tunaishi hapa Kalemie ilijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ina miaka mingapi, hakuna aliyejua. Baba yangu alipewa alipokuwa karani wa stesheni, akafia humo. Mimi na wadogo zangu tulizaliwa chumba cha nyuma.

Ufa ulianza upande wa ziwa, baada ya maji kupanda na kuingia mitaa ya chini. Pale ulipoishia nikachora mstari kwa kalamu ya risasi. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikwenda kuutazama. Nikitoka kazini, nakwenda tena. Kila juma ulikuwa umeupita mstari kwa upana wa ukucha.

Mke wangu, ambaye huniita Papa kama watoto, alichoka. "Papa, unapima nini kila siku? Ukuta ukianguka hautakuuliza mustari wako uko wapi. Tuhame."

Mama yangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Huu ufa mimi niliukuta. Nyumba inajinyoosha tu, sawa muntu muzee."

Nilijua hakuukuta. Lakini sikutaka kumpinga hata mmoja wao.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu misa. Tulikuwa mezani niliposikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Nikamshika mama mkono. Mke wangu akawasukuma watoto mlango wa nyuma. Tulipofika uani, ukuta wa baraza ukalala chini wote, bati juu yake. Hakuna aliyeumia. Mama alisimama kwenye mvua na tonge la bugali mkononi.

"Kiti cha baba yenu kilikuwa pale," akasema.

Tukahamia mlimani, nyumba ya matofali mabichi isiyotimiza mwaka. Mke wangu alifagia akiimba. Mama alizunguka vyumba akigusa kuta.

"Mbona inanuka udongo? Humu nani amezaliwa? Nani amekufa?"

"Bado hakuna, Mama," mke wangu akajibu. "Tunamushukuru Mungu."

Siku ya nne mama hakuonekana. Nilishuka mbio, nikamkuta nyumba ya zamani, anafagia vumbi la chokaa katika vyumba viwili vilivyobaki. Nilikuwa nimejiandaa kugomba.

"Shika huku," akaniambia, na mimi nikashika, tukarudisha kitanda mahali pake.

Nikaita fundi. Akagonga kuta kwa ngumi, moja moja, sikio karibu. "Hivi vyumba viwili njo vizima," akasema. "Vitatuzika sisi wote."

Tangu hapo mama analala kule na dada yangu mjane. Mimi nashuka, napanda. Nikiwa juu mvua ikaanza, sikai, namfikiria mama. Nikiwa chini, nawafikiria watoto, maana mteremko ule nao unaliwa na maji.

Juzi mke wangu aliniuliza, "Papa, kwako njo wapi?"

Nilikuwa nimeshika mlango, nashuka kwa mama. Nikamwambia narudi sasa hivi.