Shimo Lililonifika Kiunoni

Wanaocheka na wacheke, kujificha mimi nimeshaacha. Ilikuwa enzi za kodi ya kichwa (wao waliiita ya maendeleo, ila maendeleo tuliyoyaona sisi pale Majengo ni sare mpya za mgambo), na siku hiyo nilikuwa naenda sokoni kwa Mzee Chitema, muuza uwele, anipe jibu kuhusu binti yake, Neema. Basi nikavua suruali ya kila siku, nikavaa ya mtumba niliyoinyoosha kwa pasi, nikajiona bwana harusi kabisa. Stakabadhi ya kodi ikabaki kwenye ile ya zamani. Nilikuwa nimelipa jamani, haki ya Mungu nimelipa.

Nafika tu, mgambo hao, wanaume wasio na stakabadhi wanapakiwa kwenye lori. Na Mzee alishasema mkwe wa kupandishwa lori hamtaki. Kuangaza macho, naona choo kipya cha soko, kimejengwa kwa hiyo hiyo kodi yetu, kimefungiwa utepe kinamsubiri mgeni rasmi aje kukifungua. Nikapita chini ya utepe, nikajifungia.

Hata pumzi sijashusha, sakafu ikakatika, nikazama. Nikasema basi, leo nakufa kifo cha aibu, Neema ataambiwa nini? Mara miguu ikagusa udongo mkavu. Shimo lenyewe lilinifika kiunoni, na tulitangaziwa ni refu kuliko kisima!

Kishindo kikaleta watu, wakausukuma mlango: mgambo, mgeni rasmi na mkasi wake mkononi, ofisa wa halmashauri, na nyuma yao Mzee Chitema. Ningefanyaje?

"Shikamoo, Mzee," nikasema humo humo shimoni.

"Marahaba. Hilo shimo limeishia hapo?"

"Limeishia hapa, Mzee."

"Na kodi yetu je?"

Mgeni rasmi akamgeukia ofisa, ofisa akamtafuta mkandarasi, mkandarasi haonekani. Stakabadhi yangu hakuna aliyeikumbuka. Mzee akanipa mkono, akanivuta, akaitazama suruali ilivyochanika nyuma.

"Neema anajua kushona," akasema.

Nilitaka kulia kwa furaha. Ile kodi ilishafutwa, lakini stakabadhi natembea nayo mpaka leo. Na kijiweni wakilalamika kwamba hela za umma zinaliwa, nalalamika nao kwa sauti, ila moyoni nashukuru zile za shimo zililiwa mapema.